Madirisha Yaliyozibwa

Jumatatu, 3 Juni

Kiyoyozi cha Kaka kinanguruma tangu asubuhi. Kipya, cheupe, kinang'aa kama meno ya kwenye matangazo. Ili baridi isitoroke, Kaka alimwita fundi akaziba madirisha yote ya kliniki kwa silikoni — chumba chake, chumba changu, hata kile kidirisha cha mapokezi. Anajisifu kwamba vumbi la barabarani limekoma na makelele ya wachomeleaji wa jirani yamekoma. Ni kweli. Hewa nayo imekoma.

Homa imeingia mjini. Si ile ya kupiga chafya kidogo ukanywa chai ya moto ukapona. Hospitali kubwa imesimamisha hema uani kwa ajili ya wanaokohoa. Wakati wa chai nikamwambia Kaka: sisi watu wa meno ndio tuko pabaya kuliko wote. Mgonjwa wetu hawezi kuvaa barakoa, maana kinywa ndiyo kazi yenyewe. Na mashine ya kuchonga inarusha maji na mate, ukungu mwembamba usiouona kwa macho, unabaki unaelea chumbani hata mwenyewe akishaenda zake. Anayefuata anakaa palepale anauvuta. Tufungue madirisha. Chumba kipumzike kati ya mtu na mtu. Tuulize mlangoni: unakohoa? una homa? Mwenye homa na jino linalovumilika apewe dawa, arudi akipona.

Kaka akacheka. "Mdogo wangu, watu wanatuletea meno, hawatuletei mapafu."

Shangazi naye akacheka. Kisha akaniona uso wangu, akaacha.

Huyu si shangazi yetu wa damu. Ni msaidizi wetu, mshika bomba la kunyonya mate na mpokea wageni. Alianza kazi na marehemu Baba, kliniki ikiwa na kiti kimoja. Kila mtu humwita Shangazi, hata wagonjwa waliomzidi umri.

Kliniki ni yetu wawili, mimi na Kaka. Lakini mkubwa ni mkubwa.

Jumatano, 5 Juni

Kaka amekubali swali la mlangoni. Swali tu! Habari za madirisha hataki kuzisikia.

Shangazi anauliza, watu wanaongopa. Mwenye jino linalouma atakuapia kwamba hajawahi kukohoa tangu azaliwe! Leo kaja dereva wa lori, shavu kalishikilia kwa kiganja, macho mekundu. Unakohoa? — Hapana, ni vumbi la safari. Kakaa mapokezi, akalikohoa hilo vumbi lake mpaka machozi yakamtoka.

Nikamfuata Kaka mlangoni kwake, nikamnong'oneza: mpe dawa ya maumivu, arudi wiki ijayo. Kaka akanijibu kwa sauti ya kusikika na wote: hapa hatufukuzi mtu mwenye maumivu. Dereva akanitazama kama mtu aliyepokonywa tonge mdomoni. Akaingia. Mashine ikalia, ikalia, mlango wa chumba ukiwa wazi.

Na pale mapokezi, hatua chache kutoka mlango huo, alikuwa amekaa Mwalimu. Alinifundisha nikiwa mdogo, kalamu naishika kwa ngumi. Sasa ni mstaafu, mwembamba, kifua chake kibovu tangu zamani. Mkewe kamleta kupima meno ya bandia. Barakoa kaivua, anasema inamzuia kuongea, na asipoongea anaumwa.

Nikamwambia, "Samahani Mwalimu, bado kidogo tu."

"Hilo 'tu' linafanya kazi gani hapo, mwanafunzi? Ama ni bado kidogo, ama ni kidogo tu."

Mapokezi yote yakaangua kicheko. Hata dereva, kabla hajaitwa.

Meno yanambana fizi ya chini. Nimebaki nayo niyapunguze. Kaondoka na mapengo yake, kaushika mkono wa mkewe. Eti niyang'arishe sana, kuna harusi ya mjukuu na yeye anataka kucheka kwenye kila picha.

Alhamisi, 6 Juni

Barakoa zile nzito za kubana zimefika. Shangazi kavaa, kalalamika kwamba zinamkata masikio, lakini kavaa. Ya Kaka iko chini ya kidevu. Nadhani kidevu ndicho kinachopumua.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeyafungua.

Kaka alikuwa hajafika. Nikachukua kisu kidogo cha upasuaji nikaikata silikoni ya dirisha langu, ukingo hadi ukingo, kama ngozi ya jipu. Kisha la mapokezi. Kisha — Mungu anisamehe — la chumba chake. Nikaweka feni dirishani, mgongo ndani, uso nje, isukume hewa ya chumba kwenda mtaani. Moshi wa wachomeleaji uliingia kidogo. Nikauvuta kwa raha!

Kaka kafika, kasimama katikati ya chumba na funguo mkononi. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema taratibu kwamba Baba alipokufa mimi nilikuwa bado chuoni, na yeye ndiye aliyesimamisha hii kliniki kwa mgongo wake, leo naikata kwa kisu. Akasema wagonjwa wakiona tunaogopa namna hii watahamia kwa wenzetu, na Wifi anajifungua mwezi ujao, nilitaka wale nini?

Nikasema, "Hata Wifi anapumua hewa unayomletea nyumbani, Kaka."

Hilo ndilo lililomchoma. Akaingia chumbani kwake, akafunga dirisha. Kiyoyozi kikawaka.

Jumatatu, 10 Juni

Shangazi! Asubuhi nilimkuta kajificha stoo, kainamia masanduku ya glovu, anakohoa ndani ya kanga yake ili tusisikie. Mfukoni peremende za kifua zimejaa. Macho yamemlegea. Nikamgusa paji la uso — moto.

Alinishika mikono yote miwili. Nisimwambie Kaka. Eti homa yake ni ya uchovu, eti akinywa kitu cha moto itapita, eti akibaki nyumbani nani atatusaidia? Kumbe anaogopa tukizoea kufanya kazi bila yeye hatutamwita tena. Amekaa na hofu hiyo muda gani, na sisi tunapita tu tukimwambia Shangazi leta hiki, Shangazi leta kile?

"Shangazi, nafasi yako haikaliwi na mtu. Nenda ukalale."

"Unasema wewe. Mkubwa je?"

Nikamwita Kaka. Alimsikiliza kifua, kwa mara ya kwanza barakoa ikiwa puani. Hakubisha. Alimrudisha kwake kwa gari. Kipimo kimesema ndiyo, ni ileile.

Nimefanya kazi peke yangu jioni yote, bomba la mate mkono mmoja, kioo mkono mwingine. Mtoto mmoja kanitapikia. Siku ya kusahau.

Alhamisi, 13 Juni

Mke wa Mwalimu kapiga simu. Sauti ndogo. Alitaka kuniomba radhi kwamba hawatakuja kuchukua meno wiki hii, Mwalimu kalazwa, yuko kwenye oksijeni.

Radhi! Yeye aniombe mimi radhi!

Nikauliza alianza lini. Akasema siku chache baada ya kutoka kwetu. Mwanzoni koo, kisha kifua. Hakuwa ametoka nyumbani tena, hata kanisani hakwenda, miguu ilikuwa inamsumbua.

Nimekaa na simu mkononi mpaka skrini ikazima.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeamua kuwapigia simu wote waliokuwa mapokezi siku ile ya dereva. Kwanza nilimwambia Kaka, sikutaka kumzunguka.

"Unataka tujichongee wenyewe? Una uhakika gani kwamba ni hapa?"

Sina uhakika. Nikamwambia hivyo. Lakini mtu aliyekaa chumba kimoja na mgonjwa ana haki ya kujua, ajitenge na mama yake, ajitenge na mtoto wake mchanga. Kesho tukijua kwa hakika itatusaidia nini?

"Ukishapiga hizo simu, mji mzima utajua."

"Na ujue."

Akachukua koti akatoka.

Nikapiga. Fundi cherehani alinishukuru, karibu alie. Anaishi na mkwe wake mwenye kisukari, akasema anahamia sebuleni leo hii. Mama mmoja alinitukana, matusi ya mtu aliyeyaandaa, nikayasikiliza mpaka mwisho kwa sababu nilimwona ana haki. Kijana mwingine aliuliza kama miadi yake ya Jumanne bado ipo! Dereva wa lori hapatikani. Namba imezimwa. Yuko barabarani mahali fulani, anakula hotelini, anapeana mikono. Au yuko kitandani. Sijui. Simchukii. Jino lilikuwa linamuuma.

Jumatano, 19 Juni

Mwalimu amefariki. Alfajiri.

Alhamisi, 20 Juni

Kabla ya mazishi mkewe alinipigia. Hakulia. Aliuliza kama meno yamekwisha. Hataki Mwalimu azikwe na mdomo uliobonyea, alikuwa mtu wa kucheka, watoto wake watamtazama mara ya mwisho, wamwone kama alivyokuwa.

Yalikuwa tayari. Niliyang'arisha tena hata hivyo. Nilikaa na ile brashi muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Nikampelekea. Nilisimama nje ya kibaraza na barakoa yangu, yeye akabaki kwenye kiti. Nilikuwa nimeapa moyoni kumwambia. Wakati wote njiani ulimi ulikuwa mzito kama niliyejichoma sindano ya ganzi mwenyewe. Nikamwambia. Kwamba siku ile kulikuwa na mtu anayekohoa mapokezi. Kwamba madirisha yalikuwa yamezibwa. Kwamba nilijua hatari yake na nilishindwa kuyafungua mapema. Kwamba yawezekana sana Mwalimu aliupata kwetu.

Kuku wa jirani walikuwa wanagombania kitu uani. Kisha akasema:

"Hakutaka kuja siku ile. Alisema miguu inamuuma. Mimi ndiye niliyemwambia avae viatu."

Nikasema hapana, Mama, si wewe, ni sisi. Nikarudia. Akawa anatikisa kichwa tu, boksi la meno kaliweka mapajani, analifungua, analifunga. Nilikuja kumpa ukweli, nikaona nimemwachia mzigo mwingine. Lakini ningefanyaje? Nimnyime? Nimwache aagize meno kwa watu waliomficha?

Nilipokuwa naondoka aliniita. "Daktari. Na wengine mtawafungulia?"

Madirisha, alikuwa anamaanisha.

"Nitawafungulia, Mama."

Mazishini Kaka alikuja. Alisimama mbali na watu wote, chini ya ukingo wa paa, barakoa imembana usoni vizuri. Nilidhani ni aibu.

Jumamosi, 22 Juni

Haikuwa aibu.

Kaka kasimama nje ya geti langu asubuhi. Hakutaka kuingia. Nilimwona kwenye uwazi wa mabati, jasho kama aliyekimbia, na yeye kaja na gari. Akasema, "Usinikaribie."

Ana homa tangu Jumatatu. Tangu Jumatatu! Kafanya kazi Jumatatu na Jumanne, akameza vidonge, akajipima joto chooni. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama chini, akawa anasukuma kokoto kwa ncha ya kiatu kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Nilifikiri nikisema ni kweli, basi itakuwa kweli."

Na Wifi? Kampeleka kwa mama yake Jumanne, mara tu kikohozi kilipoanza. Lakini siku moja kabla walilala kitanda kimoja. Sasa Wifi naye koo linamkereketa. Mimba ya miezi minane.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Geti lilikuwa katikati, nikalishika kwa vidole kwenye yale matundu. Akaweka vidole vyake upande wake, chini zaidi, visiguse vyangu.

Akasema funguo za kliniki ameziacha juu ya boneti. Akasema, "Hilo dirisha langu nililikandika tena. Likate."

Nimetoka hapo nimeenda moja kwa moja. Nikalikata. Kisha nikazima kiyoyozi, nikachomoa waya wake ukutani. Nikakaa kwenye kiti chake cha magurudumu nikalia, feni inasukuma kilio changu mtaani, wachomeleaji wakaacha kugonga.

Jumanne, 25 Juni

Kaka kalazwa. Walimpokea kwenye hema lilelile la uani, kisha wakampandisha wodini. Hakuna kuingia. Muuguzi wa pale, binti mpole mwenye sauti iliyokauka, amesema wao hawana muda wa kupiga simu kila saa, wakipiga, niijibu.

Wifi yuko kwa mama yake, anakohoa, anasema mtoto anacheza. Anaongea na mimi kwa furaha ya kulazimisha, mpaka namhurumia zaidi. Tunadanganyana wote wawili. Kaka anaendelea vizuri, namwambia. Mimi naendelea vizuri, ananiambia.

Wagonjwa aliowashughulikia siku zile mbili nimewapigia wote. Nimezoea kutukanwa sasa.

Jumatano, 26 Juni

Shangazi karudi! Kapungua, nguo zinamning'inia, akipanda vile vingazi vya mbele anapumzika katikati na kujifanya anatazama maua. Nikamwambia bado mapema. Akasema daktari kampima, amekwisha kuwa safi, na nyumbani kuta zinamsemesha.

Tumepanga upya kazi. Viti vya mapokezi tumevitoa nje, chini ya turubai. Mgonjwa mmoja ndani, mwenzake asiingie mpaka chumba kipumue. Kuchonga ni pale tu inapolazimu, na bomba kubwa la kunyonya likae karibu na jino kabisa. Mengine kwa mkono, kwa vifaa vya Baba vya zamani. Kila mmoja anasukutua kwanza. Barakoa hazishuki. Tunaona watu wachache mno. Wanaosubiri nje wanalalamika jua.

Mmoja kaniuliza kwa nini sasa, kwa nini si tangu mwanzo. Nikasema fungua mdomo.

Ijumaa, 28 Juni

Naandika mapokezini, nimevua glovu, nasubiri ganzi ishike.

Mchana huu kaja mwashi. Kaletwa na mwenzake kwa baiskeli. Shavu na kidevu vimevimba mpaka shingo imepotea, mate yanamchuruzika, anaongea kama mwenye kiazi cha moto mdomoni. Shangazi akamuuliza swali letu pale nje, chini ya turubai: unakohoa? una homa?

"Ndiyo," akasema. "Vyote viwili. Tangu juzi. Na mke wangu pia anavyo."

Shangazi akageuka kunitazama. Tangu tuanze kuuliza, huyu ndiye wa kwanza kusema kweli.

Tungemrudisha? Kwa jino la kuuma tu ningempa dawa aende. Lakini nilimwangalia chini ya ulimi: sakafu ya kinywa ngumu kama ubao, ulimi umeinuliwa juu. Usaha ukishuka zaidi utamziba pumzi. Nilipiga hospitali — mtu wa upasuaji yuko ndani na mgonjwa mwingine, foleni ndefu, wakasema kama naweza kumtoboa apate nafuu kwanza, nimtoboe, kisha nimpeleke. Sauti ya yule binti sikuisikia. Sikuuliza habari za Kaka. Niliogopa.

Na nikimfukuza huyu, kesho mtaa mzima utajifunza kwamba kwa yule daktari wa kike ukisema kweli unafukuzwa.

Kiti tumekitoa uani, nyuma, penye upepo. Hakuna mashine, ni kisu na mkono tu. Nimevaa kila nilicho nacho, gauni juu ya gauni, ngao ya plastiki usoni. Nilimwambia Shangazi abaki ndani. Akakataa katakata.

"Mimi nimeshaupata, mwanangu. Acha nikae karibu nawe usije ukawa peke yako."

Nikamwambia kuupata mara moja si kinga ya milele, avae barakoa na ngao kama mimi. Kavaa. Kapanga vifaa. Kamshika mwashi mkono wakati wa sindano, akawa anamsimulia jinsi Baba alivyong'oa jino la polisi aliyezimia kabla ya kuguswa. Mwashi alijaribu kucheka, ikamuuma.

Wifi kaandika asubuhi: uchungu umeanza, mapema, wanampeleka. Anauliza habari za Kaka, na mimi sijui nimjibu nini.

Namwona mwashi kupitia mlango wa nyuma. Anapumua kwa kelele. Kila pumzi naisikia huku. Upepo unaipeleka kwenye ukuta, unaipandisha juu.

Simu inatikisika mezani. Nilidhani ni Wifi.

Ni namba ya hospitali, ile ya wodini kwa Kaka.

Shangazi naye ananiita kutoka uani — ganzi imeshika, njoo, njoo upesi, anashindwa kumeza —